Aproni Zilizokunjwa Vizuri

Taa nyekundu juu ya mlango inawaka saa tatu kasoro robo asubuhi. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, aliyekuwa akisukuma kitoroli cha majani na maji, anasimama, anakigeuza kitoroli, anarudi nyuma mpaka mgongo wake unagusa ukuta wa mwisho wa korido.

Hakuna aliyemwambia arudi. Mstari wa njano uliochorwa sakafuni uko hatua sita mbele yake, na wataalamu wamesema upande huu wa mstari hata mtoto mchanga anaweza kulala. Kuta za kile chumba zina bati la risasi ndani yake. Yeye anayajua yote hayo. Anabaki hapohapo, mkono mmoja chini ya tumbo, mpaka taa inapozimika dakika ishirini na mbili baadaye.

"Nimezihesabu dakika," anasema. "Leo puto limewachelewesha."

Kazini wanamwita Mama Sungura. Ana miaka ishirini na tisa, na ni mhudumu wa wanyama katika maabara ya utafiti wa moyo na mishipa ya damu. Ni binti yangu wa kwanza. Naandika habari zake kwa ruhusa yake, na ninaziandika kwa ajili ya wazazi wenye watoto makazini, hasa sisi akina mama tunaojua sana kushauri.

Siku zake zinaanza saa moja kamili. Anafungua banda, anawasha taa nusu ili wanyama wasishtuke, anapita mbele ya vizimba arobaini na viwili. Kila kizimba kina namba. Daftari la wakubwa lina namba tu, lakini mdomo wake una majina: Mzembe, Bi Harusi, Kamanda, Deni la Baba.

"Sungura wa hadithi anawazungusha simba na fisi," anasema huku akibadilisha maji. "Hawa wa kwetu ujanja wao uliishia getini."

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaieleza kazi yenyewe kama nilivyoelezwa mimi, jikoni kwangu, mbele ya sinki. "Mama," aliniambia, "bomba hili likiganda mafuta ndani, maji yanapitaje?" Nikamwambia yatapita kidogokidogo, halafu basi. "Ndivyo na mshipa wa mtu. Ukiwa wa mguu, mguu unaoza. Ukiwa wa moyo, mnamzika."

Sungura wanalishwa chakula chenye mafuta kwa wiki kadhaa mpaka mshipa wa mguu uwe mwembamba. Kisha wanalazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari anapitisha mpira mwembamba kama uzi wa kushonea viatu ndani ya mshipa. Kwenye ncha ya mpira kuna mwanga mkali unaoitwa leza, unayachoma yale mafuta. Baada ya leza linapitishwa puto dogo kama punje ya mchele, linajazwa, linausukuma mshipa ufunguke. Wengine wanapata leza na puto, wengine puto peke yake. Baada ya wiki nne wanatazama ni mishipa ipi imejifunga tena, maana mshipa una tabia hiyo, unafunguliwa na wenyewe unajifunga.

"Na sungura wenyewe?" nilimuuliza siku ile.

"Sungura hawezi kutoa mshipa akabaki hai, mama."

Nilifungua bomba nikaendelea kuosha vyombo.

Ili daktari auone mpira wake ukiwa ndani ya mwili, lazima eksirei iwake. Na hii si ile ya kupigwa mara moja ukavaa shati ukaondoka. Hii inaonyesha kama video, kwa muda wote ambao daktari amekanyaga pedali. Ndiyo sababu kila aliyemo chumbani anavaa aproni nzito yenye risasi ndani, kutoka mabegani hadi magotini, pamoja na miwani maalumu ya kukinga macho na leza. Mlango unafungwa kwa ndani. Taa nyekundu inawaka nje.

Kazi ya binti yangu ilikuwa kusimama kichwani kwa sungura, kiganja kifuani pake, akihesabu pumzi. "Mashine inahesabu," anasema, "lakini mkono wangu unajua kabla ya mashine." Daktari mkuu, ambaye wafanyakazi wote wanamwita Daktari Puto, alikuwa hataki kuanza bila yeye.

Aliponisimulia hayo kwa mara ya kwanza, niliogopa leza. Nilikesha nikiwaza macho yake. Kila asubuhi nilimuuliza, "Miwani umebeba?" Miaka miwili mizima nimesimamia miwani, kumbe hofu yangu ilikuwa inalinda mlango ambao mwizi hakuupita.

Alipoanza kazi alikuta aproni saba zimetupwa juu ya kiti, juu ya mashine, nyingine chini. Madaktari wakimaliza walikuwa wanazivua na kuzibwaga kama watu wanaotua magunia. Ukutani kulikuwa na vyuma vya kutundikia, viwili vimevunjika, vilivyobaki vimetundikwa makoti ya mvua. Mtoto niliyemlea mimi hakuweza kuvumilia hali hiyo.

Nyumbani kwangu nguo haitupwi. Ikivuliwa inakunjwa. Tangu ana miaka mitano alikuwa anakunja mashati ya baba yake, pembe kwa pembe, anayakandamiza kwa kiganja yalale. Basi na aproni akazifanyia hivyohivyo. Kila baada ya kazi alizifuta kwa kitambaa chenye sabuni, akazikunja, akazikandamiza, akazipanga kabatini, kubwa chini, ndogo juu. Ya kwake, kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote, aliikunja mara mbili ili ienee kwenye rafu ya juu.

Akasifiwa. "Tangu binti huyu aje, chumba hiki kina adabu," alisema Daktari Puto mbele ya wageni. Fundi wa eksirei, wanayemwita Kipara, hakuacha kumtania.

"Ukimaliza hizo, nyumbani kwangu kuna kapu la mashati."

"Mpelekee mkeo."

"Yeye ndiye kanituma kwako. Anasema mikono yako haina mpinzani."

Nami nilipoletewa habari hizo nilivimba kichwa. Niliwasimulia majirani kwamba mwanangu anawafundisha madaktari usafi.

Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya aproni kuna karatasi ya mpira uliochanganywa na risasi, na kwamba karatasi hiyo haitaki kukunjwa. Ukiikunja mahali palepale kila siku, inachanika kama soli ya kiatu inavyochanika kwenye kidole gumba. Kitambaa cha nje kinabaki kinang'aa. Kijitabu cha maelekezo kilikuwepo, kwenye droo, chini ya betri zilizokwisha. Ukaguzi wa kila mwaka nao ulirukwa mara moja, maana siku mkaguzi alipofika mashine ilikuwa imeharibika.

Sasa nifike kwenye mimba.

Binti yangu aliolewa miaka minne iliyopita na dereva wa lori. Mimba ya kwanza ilitoka. Baada ya hapo kukawa kimya, na jina la Mama Sungura, ambalo wenzake walimpa kwa mapenzi tu, likawa linamchoma. Hivyo alipopitisha miezi miwili bila kuona siku zake, hakusubiri hata mume arudi safari. Alikuja kwangu.

"Usimwambie mtu," nilimwambia. "Macho ya watu ni mengi. Acha tumbo lijitangaze lenyewe."

"Hata kazini? Kuna fomu, mama."

"Hasa kazini."

Fomu hiyo nimeiona baadaye. Ni ukurasa mmoja. Inamtaka mfanyakazi mwanamke atoe taarifa mapema akishika mimba, ili aondolewe kwenye chumba cha mionzi. Alikuwa ameitia sahihi wiki yake ya kwanza. Nisiseme uongo, nilifikiria pia posho ya kile chumba, ambayo ni karibu sehemu ya tano ya mshahara wake. Lakini sababu kubwa ilikuwa macho ya watu. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanangu alisikia.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumanne. Mkaguzi wa mionzi ni mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliitandaza aproni ya kwanza mezani, akatoka, akafunga mlango, akamwomba Kipara akanyage pedali ya nje. Wote wakasimama nyuma ya kioo wakitazama skrini. Aproni nzima, aliwaeleza, huonekana nyeusi tii.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ila katikati ilipitwa na mstari wa mwanga kutoka ubavu hadi ubavu.

"Mstari gani huo?" aliuliza Kipara.

"Wa pasi," alijibu mkaguzi. Yeye hakucheka. "Nani fundi wa kukunja hapa?"

Wengine wakacheka, wakamgeukia binti yangu. Naye akacheka, akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi. "Ni mimi, mzee."

"Unakunja vizuri sana, mwanangu. Unaona? Ni mahali palepale, siku zote, bila kukosea. Risasi imekatika."

Ya pili ikawekwa, ya tatu, ya nne. Zote zina mstari. Kicheko kikaanza kuisha. Ya tano ilikuwa ya Daktari Puto mwenyewe, na ilipowekwa aliikunja mikono yake kifuani akaikaza. Ya sita nayo ilikuwa na mstari.

Ya saba ilikuwa ya binti yangu. Kwa kuwa aliikunja mara mbili, mistari ilikuwa miwili na ilikatana. Pale ilipokatana palikuwa na tundu lenye upana wa ukucha wa kidole gumba, jeupe kabisa. Mkaguzi akaweka kidole juu ya skrini.

"Ukivaa, hapa panakaa wapi?"

Binti yangu alipagusa kwa kidole kimoja. Panakaa vidole vinne chini ya kitovu.

"Nilikuwa na wiki kumi na moja na siku mbili," anasema sasa, akimimina chakula kwenye bakuli la Kamanda bila kulitazama. "Wenzangu waliona aproni mbovu. Mimi niliona dirisha."

Alinipigia simu kutoka chooni. Sauti yake ilikuwa inatoka kwa vipande.

"Mama."

"Nini? Damu?"

"Hapana. Aproni ina tundu."

"Basi ishone, mwanangu."

"Haishoneki, mama." Ndipo akanieleza. Nikazima jiko. Akauliza, "Niwaambie?"

Hapa ndipo ningeweza kurekebisha. Badala yake nikamwambia, "Nyamaza kwanza. Ngoja tufikiri." Niliwaza kwamba watamlipisha aproni zote saba. Niliwaza watasema alificha kwa makusudi, atafukuzwa, na kwa fukuto hilo mimba itatoka kama ile ya kwanza. Hofu ilikuwa inafikiri kwa niaba yangu, na hofu haijui kufikiri.

Utafiti haukuweza kusimama. Sungura waliofikia siku yao hawawezi kuambiwa wasubiri, maana mshipa hausubiri. Alhamisi wakaazima aproni tatu kutoka hospitali ya jirani. Mkaguzi mwenyewe alizipitisha kwenye mashine asubuhi hiyo akasema ni nzima. Binti yangu alivaa moja, kubwa mno kwake, inagonga miguu.

"Ilikuwa nzima, nilijua," anasema. "Lakini ukishaona tundu kwenye nguo moja, kila nguo unaiona ina tundu."

Mlango ukafungwa. Taa ikawaka. Mezani alikuwa Bi Harusi, sungura mweupe mwenye sikio moja lililolala. Daktari akakanyaga pedali, mpira ukaonekana kwenye skrini ukipanda polepole kama siafu kwenye uzi. Leza ikafanya kazi yake. Puto likafika, likajazwa. Binti yangu alikuwa na kiganja kifuani kwa Bi Harusi, akihesabu pumzi, na katikati ya kuhesabu akagundua kwamba anahesabu pumzi zake mwenyewe.

Akasogea nyuma ya mgongo wa daktari, kama mtoto anayejificha kwa mkubwa. Hapakumtosha.

"Daktari, inua mguu."

"Nini?"

"Inua mguu kwenye pedali. Nina mimba."

Skrini ikazimika. Daktari Puto hakugeuka. Mikono yake ilikuwa bado imeshika mpira ulio ndani ya mshipa wa mnyama.

"Kipara, zima leza. Puto nalishusha… limeshuka. Natoa mpira. Fungua mlango." Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya siku zote, "Mama Sungura, toka. Usikimbie, utaanguka."

Alikimbia.

Msimamizi wa maabara ni mama wa umri wangu. Alimketisha ofisini, akampa maji, akafunga mlango.

"Wiki ngapi?"

"Kumi na moja na siku nne."

"Fomu uliisoma?"

"Niliisoma."

"Nani alikwambia ufiche?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Hilo nimelijua kutoka kwa msimamizi, si kwake. Hakunitaja. Msimamizi alimwambia, "Kwenu hawasemi mficha uchi hazai?" Kwetu tunasema. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wenzangu, wakiwa wanaona haya mbele ya mkunga.

Hakufukuzwa. Hakulipishwa aproni. Kosa, waliandika, ni la maabara kwa kutomfundisha na kwa kuruka ukaguzi. Yote niliyoyaogopa kwa niaba yake hayakutokea. Lile ambalo sikuliogopa lilikuwa limeshatokea kwa wiki nane au tisa, kila Jumanne na kila Alhamisi, vidole vinne chini ya kitovu.

Kilichobaki kilikuwa kujua kiasi cha mionzi kilichoingia. Kulikuwa na beji ya kupima mionzi, lakini alikuwa anaivaa kwenye kola, nje ya aproni, kama alivyoelekezwa. "Ilikuwa inapima shingo," mkaguzi alituambia, "na shingo haina mimba." Kwa hiyo alifanya kitu ambacho sikutegemea kwa mtu mwenye elimu yake. Alichukua jerikeni la maji la lita tano, akaliweka juu ya stuli, akalivalisha ile aproni mbovu, akaweka vipimo mahali pa tundu, akawasha mashine kwa dakika zilezile zilizoandikwa kwenye daftari. Siku mbili alikuwa anarudia. Kipara alinisimulia kwamba hakuna aliyefanya mzaha na lile jerikeni. Walikuwa wanalipita kama wanampita mgonjwa.

Jumatatu tuliitwa. Binti yangu aliomba nikae naye.

"Kwa hesabu yangu," mkaguzi alisema, "kilichomfikia mtoto ni kidogo. Kiko chini sana ya kiwango tunachokiogopa."

"Kidogo ni kama nini?" niliuliza.

"Mama, uwezekano wa madhara ni mdogo mno."

"Mdogo si sifuri."

"Hata kuvuka barabara ile pale nje si sifuri."

"Barabara naiona, baba. Gari likija nalisikia."

Alivua miwani yake ya uzi akaifuta. Hakunikatalia. Alitia hesabu zake kwenye bahasha, akampa binti yangu, akamwambia, "Hii ni yako. Popote utakapotibiwa, waonyeshe. Usifiche hata mstari mmoja."

Mume wake alirudi safari siku ya kumi tangu ile Alhamisi. Alipewa habari akiwa anafungua kamba za viatu.

"Sungura arobaini wanajua," alisema, "madaktari wanajua, jerikeni linajua. Mimi baba mtu naambiwa leo?" Mkewe akaanza kulia, naye akaacha viatu, akapiga magoti, akaweka sikio tumboni ambako hakukuwa na cha kusikika bado. Mimi hakunigombeza. Zamani alikuwa mkwe wa kunitania mpaka majirani wanasikia. Siku hizi ananiamkia, anauliza hali, ananyamaza.

Mimba ilipofika mwezi wa tano tulikwenda wote watatu kupimwa kwa ile mashine ya kuonyesha mtoto. Mtaalamu alihesabu vidole mbele yetu. Akaonyesha mgongo, moyo, figo.

"Na kichwa?" niliuliza.

"Kipimo cha kichwa kinalingana na umri."

"Na ndani ya kichwa?"

"Mama, ndani ya kichwa hata cha kwangu siwezi kukuonyesha."

Binti yangu alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Alikuwa hajacheka kwa miezi. Lakini usiku wa siku hiyo mumewe alinipigia simu kuniambia ameamka amemkuta ameketi, anatembeza kidole juu ya picha ya mtoto, anatafuta mstari.

Wazazi wenzangu, mimi siwaambii mtoto asifanye kazi na mashine. Ile kazi ina maana. Baba yake alikufa kwa mshipa wa moyo, na kama puto lile lingekuwepo karibu yetu, pengine angekuwa anayakunja mashati yake mwenyewe leo. Ninachowaambia ni hiki: mtoto wako akikuuliza jambo la kazi yake, usimjibu kwa mambo ya nyumbani kwako. Muulize kama kuna mtu kazini aliyesomea jambo hilo. Na akikwambia kuna fomu, mpeleke mwenyewe akaijaze, hata kama mimba ina siku tatu na jirani ana macho manne.

Nanyi mabinti, mama akisema "nyamaza kwanza", mpendeni, halafu semeni.

Sasa Mama Sungura anafanya kazi bandani tu. Analisha, anapima uzito, anasafisha. Bi Harusi alitolewa kwenye utafiti kwa kuwa kazi yake ilikatizwa; alipona ule mguu akawa anachechemea, na binti yangu alimfungia utepe mwekundu kwenye kizimba kumkumbusha anayefuata kumshika polepole. Aproni mpya zimekuja, na kabla mtu hajazigusa, msimamizi anamwita yeye aje aeleze. Anaeleza akiwa amesimama upande huu wa mstari wa njano.

Nilimuuliza kama atarudi kwenye kile chumba akishajifungua. Nilitaka aseme hapana.

"Nitarudi," alisema. "Jana wamempoteza mmoja. Aliacha kupumua na hakuna mkono uliojua. Daktari amesema atanisubiri. Nitavaa beji mbili, moja juu, moja chini, na aproni nitaikagua mimi mwenyewe kila mwezi. Lakini kwanza huyu."

Zimebaki wiki nane. Ile bahasha ya mkaguzi anaibeba kila kliniki, na haingoji kuulizwa. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Alipofika dirishani aliiweka mbele ya muuguzi hata kabla ya salamu.

"Hii nini tena?" muuguzi alisema.

"Isome kwanza, dada. Halafu unipime."

Muuguzi aliisoma yote, mara mbili. Akaandika juu ya kadi kwa kalamu nyekundu kwamba daktari wa watoto awepo siku ya kuzaliwa. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne nilimwona binti yangu akishusha mabega.

Tulitoka polepole, kwa mwendo wake. Getini akanishika mkono.

"Mama, atakuwa mzima?"

Maisha yangu yote sijawahi kukosa jibu la kumpa huyu mtoto. Majibu yalikuja hadi hapa kooni, yote matatu manne, kila moja limenyooka na ni tamu.

"Sijui, mwanangu," nilimwambia.

Aliubana mkono wangu. Kisha akasema, "Basi tutangoja wote. Mimi nataka nimsikie analia tu. Akilia, mengine nitayapokea."